Pazia Kati ya Skrini Mbili

Kila kompyuta ilipowashwa, Karimu alitoka nje ya nyumba yake mwenyewe. Alisimama barazani, mikono nyuma, mfano wa mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo, na majirani wa mtaa wa Bwiza walikwisha kuzoea kumwona pale. Muuza mkaa akipita alimwuliza, "Papa Hayat, wamekufukuza tena?" Naye alijibu, "Apana, ni machine inavaa nguo." Lilikuwa jibu la mzaha, lakini hakuna aliyewahi kulieleza jambo lile vizuri zaidi.

Karimu na mkewe Soumaya waliishi kwa harusi za watu. Karimu alipiga video upande wa wanaume, kwenye dua na hotuba na sahani za pilau. Soumaya alipiga upande wa wanawake, kule ambako mitandio huvuliwa, mikufu hutolewa nje na hata nyanya mwenye magoti mabovu hupata magoti mengine ya kuchezea. Mama mwenye heshima zake hakubali kamera iingie humo isipokuwa imeshikwa na mwanamke, na picha zikatwe na kupangwa na mwanamke huyohuyo, bila mume wake kutia jicho. Hiyo ndiyo iliyokuwa amana, na kwa amana hiyo Soumaya aliitwa Bwiza, akaitwa Buyenzi, akaitwa hadi Kinanira kwa watu wenye mageti ya umeme.

Kompyuta walikuwa nayo moja tu. Iliunganishwa na skrini mbili juu ya meza moja ndefu, na katikati ya skrini hizo Soumaya alitundika pazia la kitenge kutoka darini hadi sakafuni. Mashine ilikuwa nzito, ilichukua nusu siku kuipika harusi moja hadi iwe filamu, kwa hiyo harusi ya wanawake ikiendelea kujipika upande mmoja wa pazia, Karimu alikaa upande wa pili na kupanga wanaume wake. Kipanya walikuwa wakipitishiana chini ya pazia. Watu waliokuja kuangalia kazi walilitazama lile pazia, wakaridhika kabla hata ya kuonyeshwa picha.

Kasoro ilikuwa moja. Mashine ikizimika na kuwaka tena, ilisahau kwamba skrini ni mbili. Ilionyesha kitu kilekile huku na kule, pazia lipende lisipende. Ndiyo maana Karimu alitoka barazani: Soumaya aliingia kwenye mipangilio, akazitenganisha skrini, akaisukuma kazi yake upande wake, kisha akaita, "Karibu." Mpango ulikaa vizuri hadi umeme ulipokatika tena, na kwa Bwiza hapo si mbali.

"Papa Hayat, ifundishe ikumbuke," Soumaya alikuwa akimwambia.

"Kesho, inshallah."

Si kwamba Karimu alikuwa mvivu. Mashine ilipokuwa ikimchelewesha yeye, aliifundisha mwenyewe bila kuombwa: umeme ukirudi ijiwashe, isiulize neno la siri, ifungue kazi zote palepale zilipoachwa. Mambo hayo iliyakumbuka barabara. Lakini kusimama barazani hakukumuuma. Kulikuwa na kivuli, kulikuwa na watu wa kuongea nao, na kazi ya kutenganisha skrini ilikuwa ya mkewe.

Siku ya mkasa Soumaya alikuwa ameenda sokoni kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Upande wake aliacha imefunguliwa harusi ya binti wa Mama Anouar, mwenye duka la vitambaa kule Buyenzi, mama ambaye neno lake kwa wanawake wa mji lilikuwa na uzito kuliko tangazo la redio. Skrini yenyewe aliizima kwa kitufe chake, kama alivyozoea.

Anouar mwenyewe, mtoto mkubwa wa mama huyo, alikuwa amekaa na Karimu upande wa wanaume. Alikuja kulalamika kwamba dua ya mjomba wake imekatwa katikati.

"Mujomba anasema umemukata kwa sababu hakukupa ya soda," Anouar alisema.

"Nilimukata kwa sababu aliomba mpaka bateri ikakufa," Karimu alijibu. "Tazama, nitakuonyesha."

Hakuonyesha, kwa sababu umeme ulikatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Ondulere yenu ya kushika umeme iko wapi?"

"Ilikufa yenyewe. Tungojee, itarudi sasa hivi."

Walingoja, wakazungumza habari za mafuta ya gari na nani yuko kwenye foleni gani. Kisha umeme ukarudi, na mashine, kama ilivyofundishwa, ikaanza kujiwasha. Karimu aliinuka nusu, kwa mazoea tu.

"Unaenda wapi?" Anouar akauliza.

"Apana, ni hii machine. Ikiwaka, kawaida tunamungojea bibi."

"Bibi?" Anouar akacheka, si kwa ubaya. "Kumbe we hauwezi kuwasha machine yako bila bibi?"

Karimu akakaa. "Naweza. Kwa nini nisiweze?"

Alidhani atawahi. Alijua vitufe vya kubonyeza, na kazi za wanawake kwa kawaida zilichelewa kufunguka. Ila siku hiyo hazikuchelewa. Kwenye skrini ya wanaume alitokea Mama Anouar, hana mtandio, nywele zake zenye mvi zimesukwa mistari, mikono juu, akicheza katikati ya duara la wakwe zake. Mmoja wa wakwe hao alikuwa amejifunga kanga chini ya makwapa, mabega wazi, akicheka mdomo wote. Karimu alitafuta kipanya mezani hakukiona. Kilikuwa upande wa Soumaya. Akaingiza mkono chini ya pazia, akapapasa, akaangusha kikombe, macho bado yako kwenye skrini kwa sababu hakujua ayapeleke wapi. Mwishowe akang'oa waya ukutani.

Anouar alikuwa akitazama viatu vyake.

"Umeona kitu?" Anouar aliuliza.

"Sikuona kitu."

"Hata mimi sikuona."

Anouar akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka, sauti yake ya kawaida kabisa. "Sasa hii pazia iko ya nini, Karimu?"

Soumaya aliporudi na ndagala zake, alikuta kikombe kimevunjika na mashine imezimwa. Aliuliza kuna nini. Karimu akamwambia umeme ulikatika, na hilo lilikuwa kweli.

Anouar hakuwa mmbea. Alimwambia mke wake tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mabega wazi. Mkewe alimwambia mama mkwe, maana jambo la namna hiyo halilali tumboni. Mama Anouar hakumwambia mtu, lakini wifi yake Yasmina alikuwa amekaa palepale akichambua mchele.

Wiki iliyofuata Soumaya alikuwa na shughuli ya hina Buyenzi. Alitoka asubuhi na kamera yake na taa mbili. Karimu alimtarajia magharibi, lakini adhuhuri haijaadhiniwa alisikia geti likifunguliwa. Soumaya aliweka mkoba wa kamera mezani, akakaa bila kuvua mtandio.

"Mumeisha mapema," Karimu alisema.

"Hatujaanza."

Karimu akaacha alichokuwa akifanya.

"Wameimba na mitandio yao kichwani," Soumaya alisema. "Wote. Unajua shughuli ya hina wamama wakiimba na mitandio? Utasema wako kwa matanga. Nikainua kamera, mumoja akaweka sakosi yake, mukoba wa mukononi, mbele ya objectif, jicho la kamera. Taratibu tu, kama mutu anaweka mahali pa kuweka. Nikahama upande wa pili, mwingine akanipa mugongo. Halafu Mama Yasmina, yule wifi ya Mama Anouar, akanishika mukono, akanipeleka jikoni, akanipa chakula. Mimi peke yangu, kabla bibi harusi hajakula. Akaniambia, kula mwanangu, halafu urudi nyumbani upumzike."

"Ulikula?"

"Nilikula. Ningefanya nini? Watoto walikuwa wananitazama." Akausogeza mkoba wa kamera. "Nikamuuliza niko na kosa gani. Akaniambia, muulize bwana yako. Sasa niko nakuuliza."

Karimu alimweleza. Alianza na dua ya mjomba, akapitia bateri, akazunguka kwenye foleni za mafuta, na Soumaya hakumharakisha. Alipofika kwenye skrini aliongea haraka.

"Siku ile nilikuuliza kuna nini, ukasema umeme ulikatika."

"Ulikatika kweli."

"Karimu."

Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina lake. Tangu wapate mtoto alikuwa Papa Hayat, na jina lile tupu lilimfanya Karimu ajisikie kama ameitwa na mwalimu.

"Kila siku unatoka inje," Soumaya alisema. "Kila siku. Siku ile moja kwa nini hukutoka?"

"Anouar alikuwa hapa."

"Basi mungetoka wote wawili."

"Angenicheka."

Soumaya alilirudia neno hilo taratibu, akilipima. "Angekucheka." Hakulia wala hakupandisha sauti. Alivua mtandio, akaukunja mara nyingi zaidi ya inavyohitajika kuukunja mtandio. Jioni aliletewa ujumbe kwenye simu: Mama Anouar atakuja Jumamosi baada ya alasiri kuchukua picha zake, zilizopangwa na zisizopangwa.

Armel, fundi wa kompyuta wa mtaani, ndiye aliyewawekea Linux, mfumo wa kuendeshea mashine, miaka miwili nyuma, baada ya virusi kula harusi mbili na akika moja. Alikuja kesho yake asubuhi na mkoba wake mgongoni. Soumaya alikuwa tayari amehamisha kazi zake zote kwenye diski ya nje na kuifunga kwenye pindo la kanga yake. Aliwaacha wanaume mezani, akaenda kuchemsha chai.

Armel alipekua waya za nyuma, akaichomoa ile ya skrini ya Soumaya, akaitazama, akairudisha.

"Hii écran iko ya zamani, na hii adaptateur inaua sauti yake," alisema. "Unaona, machine ikiamka inauliza kila écran: we ni nani? Écran yako inajibu, inataja jina, inataja ukubwa wake, yote. Ya bibi yako inanyamaza. Donc ukipanga na souris, hiki kipanya, machine inakubali ya leo tu. Ikizimika, kesho inaona mutu hana jina. Inasema, basi nitamupa kilekile ninachomupa mwenziye."

"Na dawa yake?"

"Hatuiulizi tena. Tunaandika kwa faili: upande wa kuume kuna écran, ukubwa wake ni huu, haifanani na ya kushoto. Faili tunaiweka pahali Linux inasoma kila ikiamka, mbele haijafungua kitu. Na kazi ya bibi tunaandika ifungukie kwake."

"Hata umeme ukikatika mara kumi?"

"Hata mara kumi. Lakini ujue, itakuwa inaamini tu. Hata ukiiondoa écran ile uipeleke Kigoma, yee itasema iko hapo."

"Nani ataiondoa?" Karimu akasema.

Armel aliandika mistari mitatu, akazima, akawasha. Skrini mbili zikaamka kila moja na lake, upande huu picha ya ziwa, upande ule rangi ya kijani aliyoichagua Soumaya. Akazima tena, akawasha tena. Soumaya alikuwa ameleta chai, na Armel alipokaa kuinywa ilimuunguza ulimi.

"Ni hiyo tu?" Karimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni hiyo tu. Si ungeniita zamani?"

Karimu alimwongezea sukari.

Mama Anouar alikuja Jumamosi na wifi yake Yasmina, na nyuma yao Anouar, ambaye hakuonekana kufurahia safari. Mama alivaa baibui jeusi na mtandio umebanwa kidevuni kwa pini, akakaa upande wa wanawake bila kungoja kukaribishwa. Soumaya alimletea kadi ya kamera na diski yenye harusi ya binti yake kwenye sahani ndogo iliyofunikwa kitambaa. Mama Anouar alivipokea, akaviweka kwenye mapaja.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nina miaka sitini na mitatu, na nywele zangu zilionwa na marehemu peke yake. Na wanangu. Sasa zimeonwa na mupiga picha."

Upande wa pili wa pazia Karimu alikohoa. "Mama, nisamehe."

"Siongei na we bado." Akamgeukia Soumaya. "We sina neno na we. Lakini kila mwenye binti wa kuolewa ananiuliza, tumuite Soumaya ama tusimuite? Mi niseme nini?"

"Mama, machine imetengenezwa," Soumaya alisema. "Sasa inakumbuka."

"Mi sijui mambo ya machine. Nionyeshe. Zima, washa. Anouar akae palepale alipokuwa siku ile, na huyu bwana yako palepale."

"Sawa," Karimu alisema, akijikaza. "Tuweke kitu kwa écran ya wamama halafu tuzime. Tuko na ile film ya mbuzi wa Idi."

"Siku ile haikuwa mbuzi."

Yasmina alitazama dari. Ndipo Soumaya akasema, "Weka mimi."

Alikuwa nayo video ya harusi ya dada yake, iliyopigwa na rafiki yake. Humo Soumaya alikuwa amevaa gauni la rangi ya chungwa lisilo na mikono, nywele zimefunguliwa, akicheza kama mtu asiye na deni la mtu yeyote. Aliifungua upande wake, Mama Anouar akiwa pembeni. Muziki ulipita kwenye pazia, Karimu akautambua.

"Mama Hayat, apana," alisema. "Si lazima hii. Kunaweza kutokea kitu."

"Kitu gani? Si umesema imetengenezwa?"

"Imetengenezwa, lakini..."

"Lakini nini, Papa Hayat?"

Yasmina alitumwa mlangoni kwenye swichi kubwa ya umeme, akaishusha. Nyumba ikazimika. Mama Anouar alihesabu tasbihi mzunguko mmoja mzima, kisha akasema, "Pandisha."

Mashine ikavuma. Kwenye skrini ya wanaume kukatokea maandishi meupe, yakapita, skrini ikawa nyeusi. Karimu aliwahi kusubiri mambo mengi maishani mwake, hata mtoto kuzaliwa, lakini hakukumbuka kusubiri kwa namna ile. Pembeni yake alikaa mwanaume mwenye macho mawili mazima. Skrini ilipoanza kupata mwanga, Karimu hakuvumilia. Aliruka kitini, akasimama mbele yake, mikono ameipanua, kanzu imeziba kioo chote. Anouar naye alikuwa amegeukia ukuta, kofia ameivuta hadi usoni.

"Imetokea nini huko?" Mama Anouar akauliza.

"Mi natazama ukuta," Anouar alisema.

"Na we?"

"Mi sijageuka bado," Karimu alisema.

Mama Anouar akainuka, akapenya pembeni mwa pazia, akamkuta Karimu amesimama vile. Alimsogeza kwa mkono mmoja, kama anavyosogezwa mtoto aliyeziba mlango. Kwenye skrini kulikuwa na ziwa, mashua moja, na mawingu. Upande wa pili muziki ulikuwa umeanza tena, na gauni la chungwa lilikuwa likizunguka mbele ya Yasmina peke yake.

"Imekumbuka," Mama Anouar alisema. Akamtazama Karimu mikono yake ilivyokuwa bado iko juu. "Mimi nilipotokea hapo, uliruka hivi?"

Karimu alishusha mikono. "Nilikuwa natafuta souris, Mama."

"Ulikuwa umekaa."

"Nilikuwa nimekaa."

"Haya," Mama Anouar alisema, akarudi upande wake. Alivitoa kadi na diski mapajani, akavitia mkononi mwa Soumaya na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Malizia kazi yangu. Na wakiniuliza, nitasema mukuite."

Soumaya alishukuru. Chai ikaletwa, na maandazi, na hali ikawa ya watu waliomaliza jambo. Hata Anouar alikula. Karimu alipumua kwa mara ya kwanza tangu alasiri, akaona sasa anaweza kusema chochote. Kwa hiyo Yasmina alipouliza, kwa heshima tu, ili naye asiachwe nje ya mazungumzo, kazi ya kuifundisha mashine ilichukua muda gani, maana lazima ilikuwa ngumu, Karimu alijibu kwa furaha.

"Wala, Mama. Ni mistari mitatu. Chai haikupoa."

Alitabasamu, akangoja wengine watabasamu. Yasmina alishika kikombe chake akakitazama. Mama Anouar hakumtazama Karimu. Alimtazama Soumaya, kwa muda mrefu, na kwa huruma ambayo Soumaya hakuipata siku yote ile.

"Mistari mitatu," Mama Anouar alisema. Akatafuta viatu vyake.

Soumaya aliosha vikombe. Karimu alisimama mlangoni mwa jiko, na kwa kuwa hakufukuzwa alidhani yamekwisha.

"Alhamdulillah," alisema. "Imepita."

"Ungeniambia ilikuwa ngumu, ningekusamehe," Soumaya alisema, mgongo bado umemgeukia. "Ningesema, bwana yangu alijaribu, akashindwa. Watu wanashindwa."

"Mama Hayat, sikujua kama iko rahisi."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza. Armel anapita hapa kila siku." Akasuuza kikombe kilekile mara ya pili. "Tangu Ramadhani ya mwaka jana niko nakuomba. Nilikuwa naona haya kukuomba. Nilifikiri ni kitu kikubwa, nilifikiri nakuchosha."

Karimu akachukua kitambaa, akaanza kumpangusia vikombe.

Jumatatu Soumaya aliichomoa skrini yake. Yasmina alikuwa na chumba nyumbani kwake, na kompyuta ya binti yake aliyeolewa Uvira, na mlango ambao mwanaume hakuupita. Soumaya aliifunga skrini kwenye shuka, akaipakata kwenye teksi. Hakununa. Jioni alirudi, akapika, akauliza habari za kutwa, akamkagua Hayat daftari zake. Alimaliza harusi ya Mama Anouar, ikasifiwa, na kabla ya mwezi kuandama alikuwa amepata hina tatu. Karimu alipomwuliza atarudisha lini skrini nyumbani, alimjibu vizuri kabisa, kama anavyojibiwa mteja, kwamba kule kazi inaenda.

Siku hizi Karimu hatoki barazani. Muuza mkaa alimkosa wiki ya kwanza, akabisha hodi kujua kama anaumwa. Mashine inawaka yenyewe, haiulizi neno la siri, inafungua kila kitu palepale kilipoachwa, na haisahau kwamba skrini ni mbili. Pazia bado limetundikwa. Mara kwa mara, Karimu akiwa ameshughulika na hotuba ya mtu, mshale wa kipanya unateleza kuume, unapita nyuma ya kitenge, unaingia kwenye skrini ya Soumaya isiyokuwepo, na yeye anabaki kukisukuma kipanya na kukivuta mezani, haoni kitu, hadi mshale urudi. Kazi nyingine hufungukia hukohuko, naye husikia sauti zake bila kuziona.

Alimlalamikia Armel. Armel alimwambia ni kufuta faili moja tu, chai haitapoa.

"Nitaifuta kesho, inshallah," Karimu alisema.